Kabla ya Kipenga cha Mwisho

Hakuna siku nyumba ya Mzee Dakika ilikuwa na kelele kama siku ya mechi. Mama alikuwa anatafuta mito ya kukalia. Shangazi alikuwa anatafuta miwani yake, na miwani yenyewe ilikuwa kichwani mwake. Mzee Dakika alikuwa amesimama mlangoni, kofia ya timu kichwani, tiketi nne mfukoni mwa shati, akiwatazama wanawake wake watatu kama mtu anayengoja lifti iliyokwama. Na kuhusu lifti zilizokwama alikuwa na haki ya kusema. Alikuwa fundi lifti tangu ujana wake mpaka alipostaafu, na amewatoa watu wengi kwenye visanduku vile wakiwa wanalia.

"Timu haitatungoja," alisema.

"Na sisi lini tumewahi kuingoja?" Shangazi alimjibu kaka yake. "Mtu unalipia mechi nzima, unatoka haijaisha. Ni sawa na kwenda harusini ukaondoka chakula hakijapakuliwa."

Mama alicheka. Binti yao, Mboni, hakucheka. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kochi, mwavuli wa familia mapajani, kitambaa cha kijani kichwani, na tangu asubuhi alikuwa anarudia sentensi moja moyoni mwake kama mtoto anayekariri shairi la shuleni. Baba, mimi nabaki. Maneno matatu tu. Alikuwa ameyajaribu bafuni, ameyajaribu jikoni, na yote yalitoka vizuri kabisa, maana bafuni na jikoni hapakuwa na baba.

Lazima nikueleze desturi ya watu hawa, la sivyo utawaona vichaa. Mboni alipokuwa mdogo wa miaka mitano, baba yake alimpeleka uwanjani kwa mara ya kwanza. Mechi ilipoisha watu walisukumana getini, mkono wa mtoto ukachomoka kwenye mkono wa baba. Alitafutwa mpaka uwanja ukabaki mtupu. Alipatikana mabegani kwa mtu asiyemjua, kiatu kimoja hakipo, anakula karanga, hana habari. Baba yake alikaa chini palepale kwenye vumbi akalia mbele za watu. Tangu siku hiyo familia ile haikukosa mechi hata moja ya nyumbani, lakini haikuona mwisho wa mechi hata moja. Ikifika dakika ya themanini, mzee anasimama na kusema, "Haya." Mama anakusanya mito, Shangazi anabeba chupa ya chai, Mboni anatangulia na mwavuli, na mkono wa baba unakuwa begani kwake mpaka kwenye gari. Jukwaa zima lilimjua. Ndiyo maana aliitwa Mzee Dakika, jina ambalo yeye mwenyewe alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Mboni, yaani mboni ya jicho la baba. Na sasa mboni huyo alikuwa mwanamke mzima, mpima macho katika duka la miwani, anayeshika funguo za duka na kuwaambia watu wazima wafumbe jicho moja na wasome. Lakini mkono ule ulikuwa bado begani.

Hapo ndipo Komeo alipoingia.

Komeo alikuwa golikipa wa timu ya mji. Mashabiki walimpa jina hilo kwa sababu akisimama golini mlango umefungwa. Klabu ilikuwa imewaleta wachezaji wote dukani kupimwa macho, na yeye alisoma mistari yote mpaka ule wa mwisho kabisa, wenye herufi ndogo kama sisimizi. Mboni alishangaa.

"Macho haya si ya kawaida," alimwambia.

"Ndiyo maana nakujua," alijibu. "Wewe ni yule wa kitambaa cha kijani. Benchi la tano, karibu na ngazi. Unaondoka kabla sijamaliza kazi."

Mboni aliangusha kalamu. Tangu siku hiyo Komeo alianza kuwa na matatizo ya macho. Leo yanawasha, kesho yanatoa machozi, keshokutwa anataka miwani ya jua. Mwenye duka alisema hajawahi kuona mteja mwenye macho mazuri anayehitaji daktari kiasi hicho.

Mapenzi yao yalikuwa ya kuiba. Walikutana nyuma ya duka wakati wa chakula cha mchana, walipigiana simu za kunong'ona. Kisha Komeo akafanya kama mwanamume wa heshima anavyofanya. Alivaa suruali iliyopigwa pasi, akaja na mjomba wake nyumbani kwa Mzee Dakika kuomba kuoa. Mzee aliwapokea vizuri, akawapa chai, akasifu namna Komeo alivyoupangua mpira wiki iliyopita kwa ncha za vidole. Halafu akasema neno ambalo Mboni alilisikia akiwa nyuma ya mlango wa jikoni, na likamkaa.

"Mimi nampenda sana Komeo akiwa golini. Sebuleni simjui. Mchezaji ni mtu wa kuuzwa. Leo yuko hapa, kesho ameuzwa kwingine. Na mke wake je, naye atauzwa pamoja naye? Mwanangu nilishampoteza mara moja. Inatosha."

Mjomba alijaribu, akashindwa. Mboni alitakiwa kuingia na trei ya pili ya chai. Aliingia, akamimina, akatoka.

Na kweli Komeo akauzwa. Timu ya nchi nyingine ilimtaka, naye alitakiwa kuondoka alfajiri ya siku inayofuata mechi hii. Ijumaa alikuja dukani mara ya mwisho. Hakusingizia macho.

"Jumapili nacheza mechi yangu ya mwisho hapa," alisema.

"Najua. Mji mzima unajua."

"Nina ombi moja. Baba yako akisimama, wewe baki umekaa."

Mboni alimtazama bila kuelewa. "Ndiyo hilo tu?"

"Ndilo hilo tu. Sikuombi utoroke, sikuombi uje na sanduku. Ubaki umekaa mpaka kipenga cha mwisho. Nikikuona umekaa, jioni hiyohiyo nakuja kwenu tena, na safari hii sitoki mpaka baba yako anisikilize. Hata akinifungulia maji ya bomba nitakaa hapo mlangoni nimelowa. Lakini nikiona benchi tupu, nitaondoka, Mboni. Sitakulaumu. Ila nitaondoka."

"Si nikwambie sasa hivi? Nakupenda. Ndiyo. Nakubali. Umesikia?"

Komeo alitabasamu, lakini macho yake hayakutabasamu. "Hapa dukani unaniambia ndiyo kila siku. Kwenye simu unaniambia ndiyo kila usiku, halafu baba yako akipita koridoni unakata. Ndiyo yako naijua. Nataka kuiona mbele ya baba yako."

"Utaniona," Mboni alisema. Alishika mikono yake mikubwa, yenye vidole vilivyopinda kwa kuvunjwavunjwa na mipira, akaiweka shavuni kwake. "Wallahi utaniona. Mimi mwenyewe nimekupima, najua unaona mpaka wapi."

*

Uwanja ulijaa mpaka kwenye ngazi. Watu walikuwa wamekuja kumuaga kipa wao, na kila alipogusa mpira waliimba, "Komeo! Komeo! Mlango umefungwa!" Nyuma ya benchi la familia alikaa jirani yao wa miaka yote, mpiga tarumbeta mnene asiyejua kunong'ona, ambaye kila bao lilipoingia aliwatoboa masikio.

"Mzee Dakika!" alimpigia kelele. "Leo hata wewe utabaki. Huwezi kumuaga mtu nusu."

"Nitamuagia njiani," alijibu mzee, na jukwaa likacheka.

Kipindi cha kwanza kilipita. Timu zilikuwa sare, bao moja kwa moja. Kipindi cha pili Komeo alikuja kusimama kwenye goli la upande wao, karibu kiasi kwamba Mboni aliweza kuona namna alivyokuwa akivuta glavu ya kushoto kwa meno. Aligeuka mara moja, akatazama benchi la tano. Mboni aliinua mkono kidogo, kama mtu anayejirekebisha kitambaa. Akaomba Mama asione.

Mama aliona. "Una nini, mwanangu? Umekunja mwavuli mpaka unataka kuuvunja."

"Hakuna, Mama. Ni mechi tu."

"Hm," alisema Mama. Akamwekea kiganja gotini, akakiacha hapo. Mama hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini kuna mengi aliyokuwa anayajua.

Dakika ya sabini ikapita. Mboni alianza tena kukariri. Baba, mimi nabaki. Alipanga hata sauti atakayoitumia, isiwe ya ukali, isiwe ya kulia. Alijiona amekaa, baba amesimama, watu wanatazama. Alijiona akivumilia. Aliweka mguu mmoja juu ya mwingine na kuushikilia kama anayejifunga kamba.

Na hapo Shangazi akaanza kisa.

"Nyie mnamjua yule jirani yetu wa ghorofa ya juu?" alisema, mdomo umejaa karanga. "Juzi kanifuata, ananiambia, Dada, mlango wako unalia usiku, nije niutie mafuta? Nikamwambia, baba, mlango wangu unalia kwa sababu ni mjane. Utie mafuta wa kwako!"

Mama alicheka mpaka akajifuta machozi. Mpiga tarumbeta alicheka, ingawa hakuulizwa. Na Mboni, kwa mara ya kwanza siku ile, akasahau. Alicheka kicheko cha kweli, kichwa nyuma, mabega yamelegea.

"Haya," alisema Mzee Dakika.

Mboni alisimama.

Hakuamua. Laiti angeamua, angekuwa na kitu cha kukitetea baadaye. Miguu ilisimama yenyewe kama ilivyosimama tangu alipokuwa mtoto, mwavuli ukaingia kwapani, mkono wa baba ukatua begani, na alikuwa amekwisha kupita magoti ya watu watatu akisema "samahani, samahani" ndipo kicheko kilipomkauka mdomoni. Akageuka.

Mpira ulikuwa miguuni kwa Komeo. Ulikuwa umetoka nje, na yeye alikuwa ameuweka chini aupige kuanzisha mchezo. Lakini hakuwa anautazama. Alikuwa anamtazama yeye. Mwamuzi alimpigia kipenga kwamba aharakishe, naye akaupiga bila kutazama, mpira dhaifu, mfupi, ukaangukia miguuni kwa mshambuliaji wa timu ngeni. Yule hakuamini bahati yake. Aliunyanyua tu. Ukapita juu ya kichwa cha Komeo, naye hakuruka hata kidogo.

Uwanja wote ukanyamaza. Kisha ukaanza kuzomea.

"Mungu wangu," Mama alisema taratibu.

"Umeona?" Mzee Dakika alisema, na mkono wake ukabana bega. "Sasa watu watakasirika. Twende upesi kabla hawajaanza kutoka."

Wakati ulikuwepo bado. Hilo ndilo litakalomuuma Mboni miaka na miaka. Hata pale, katikati ya ngazi, angeweza kurudi akakaa, na macho yale yasiyo ya kawaida yangemwona.

"Baba," alisema.

"Nieleze garini, mwanangu. Ngazi hizi zina utelezi."

Akashuka.

*

Kwenye maegesho walisikia kipenga cha mwisho kwa mbali, na kuzomea kukafuata. Mzee Dakika aliwasha gari. Mama alipanga mito. Mboni alikuwa na mkono kwenye kitasa cha mlango.

"Naenda chooni," alisema. "Nakuja sasa hivi."

Hakwenda chooni. Alikimbia kuzunguka ukuta mpaka kwenye geti la wachezaji, mahali lilipokuwa basi la timu, mwavuli bado mkononi. Mlinzi alimjua kwa kumwona, akamruhusu kusimama kando ya ukuta. Wachezaji walitoka mmoja mmoja, vichwa chini. Walipanda wote. Komeo hakutoka. Dereva alikuwa amekwisha kuwasha injini ndipo alipoonekana, wa mwisho kabisa, bado na jezi yake yenye matope, begi begani, kama mtu ambaye hakuingia hata kuoga.

Alipomwona alisimama. Hawakukimbiliana. Walisogeleana polepole mpaka wakawa karibu kiasi cha kugusana, na hakuna aliyegusa.

"Nilisimama bila kufikiri," Mboni alisema, na machozi yakaanza. "Shangazi alikuwa anasema kisa, nikacheka, nikasahau. Baba akasema haya, mwili ukasimama wenyewe. Sikuwa nimekukataa. Naapa sikuwa nimekukataa. Labda kwa mbali uliona kama..."

"Niliona vizuri," Komeo alisema. "Wewe ndiye uliyenipima."

"Basi uliona nilivyogeuka!"

"Niliona. Ulipogeuka nilifurahi mpaka nikausahau mpira. Nikasema, anarudi. Halafu ukaendelea kushuka." Sauti yake haikuwa na hasira. Afadhali ingekuwa nayo. "Najua hukufikiri, Mboni. Najua ni mazoea. Unadhani mimi sijui? Sikukuuliza kama unanipenda. Hilo nalijua. Nilikuuliza kama unaweza kukaa baba yako akisimama."

Mboni alimshika mkono wa jezi. "Twende nyumbani sasa hivi. Mimi na wewe. Nitamwambia mbele yako. Nitamwambia mbele ya mtaa mzima."

"Baba yako yuko wapi?"

"Kwenye gari. Kule nyuma ya ukuta."

"Anajua uko hapa?"

Mboni akasema, kwa sauti ambayo mpaka mlinzi alitazama pembeni kwa huruma, "Nimemwambia naenda chooni."

Komeo alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyegongwa mahali palepale penye jeraha. Akampangusa shavu kwa kidole chake kilichopinda.

"Mpenzi wangu," alisema. "Mwanamke mzima, unaniambia nikuoe kwa ruhusa ya chooni."

Kule nyuma ya ukuta honi ililia, mara mbili, fupi, ya upole, namna Mzee Dakika alivyozoea kumwita mwanawe. Na Mboni, ninasikitika kukwambia, alishtuka akageuza kichwa. Kichwa tu. Lakini Komeo alikwisha kuona.

"Nenda," alimwambia. "Usimtie wasiwasi. Anakupenda sana yule mzee. Laiti angekuwa mtu mbaya, mambo yangekuwa rahisi."

"Utanipigia?"

"Nikikupigia utapokea, na utanong'ona. Nimechoka kunong'onewa."

Akapanda basi. Mboni alisimama na mwavuli wake, na jua lilikuwa kali, na basi lilipita karibu naye hivi. Dirishani hakumwona. Alikuwa amekaa upande wa pili.

Garini Mama alimtazama usoni, akamtazama tena, akauliza, "Chooni kulikuwa na foleni?"

"Ndiyo, Mama."

Mama akageuka mbele.

*

Msimu ukaisha, mwingine ukaanza. Komeo hakupiga, na Mboni alipopiga, namba ya zamani ilikuwa imefungwa. Wachumba walikuja, watu wazuri, mmoja ana duka, mmoja ni mwalimu. Mboni aliwamiminia chai na kuwakataa kwa adabu. Mzee Dakika alianza kumtazama kwa pembe ya jicho. Usiku mmoja mkewe alimwambia jambo chumbani, mlango umefungwa, na asubuhi yake aliiacha chai ikapoa mezani.

Mechi ya kwanza ya msimu waliikosa, jambo ambalo halikuwahi kutokea, kwa sababu ya mafua ya Shangazi. Ya pili walikwenda. Mito ileile, chupa ileile, benchi la tano. Golini alisimama kijana mpya, mrefu, mwenye haraka, na watu walimwita majina ya kumtania kwa sababu hakuwa Komeo. Mboni hakukariri chochote siku hiyo. Hapakuwa na cha kukariri.

"Haya," alisema Mzee Dakika.

"Baba, mimi nabaki."

Lilitoka hivyohivyo, kama mtu anayesema chai haina sukari. Shangazi aligeuka na chupa mkononi. Mpiga tarumbeta alishusha tarumbeta lake. Mzee aliirekebisha kofia yake.

"Baki basi," alisema. "Sisi tutakuwa kwenye gari. Ukitoka pita kushoto, kulia wanasukumana."

Ndiyo ilikuwa hivyo. Hakuna mbingu iliyoanguka. Mama alimwachia mto wake na kumbana mkono alipompita. Mboni alibaki amekaa, akishangaa, maana alikuwa amedhani neno lile ni zito kama nyumba, na kumbe lingebebwa na mtoto.

Kipenga cha mwisho kilipulizwa. Hakuwahi kukisikia akiwa ndani tangu utoto wake. Wachezaji walipeana mikono, wakazunguka uwanja wakiwapungia watu, wengine wakivua jezi. Kipa kijana alikimbilia moja kwa moja ndani.

"Makipa wa siku hizi hawana adabu," mpiga tarumbeta alisema nyuma yake, akilifuta tarumbeta kwa shati. "Komeo hakuwa hivyo. Yeye kila mechi ikiisha alikuwa anakuja hapa chini, kwenye uzio, mbele yetu kabisa. Anavua glavu, anapiga makofi akitazama benchi lenu."

Mboni aligeuka taratibu. "Benchi letu?"

"Hili hapa, mlilokalia. Na nyie mmekwisha kuondoka! Benchi tupu, na mtu mzima analipigia makofi. Mwanzo tulidhani anatupigia sisi, tukawa tunampigia na sisi. Baadaye tukasema, ah, makipa wote wana wazimu kidogo."

"Kila mechi?"

"Kila mechi. Hata ile ya mwisho, aliyofungwa bao la aibu. Watu wanamzomea, wanamtupia makopo, yeye kaja vilevile. Siku hiyo hakupiga makofi. Alisimama tu, kashika uzio, anangoja. Uwanja ukaisha watu, wafagiaji wakaanza kazi, yeye yupo. Mimi nikamwonea huruma nikamwambia, kaka, nenda kapumzike, hawa watu wakishaondoka hawarudi."

Alimuaga, akashuka na tarumbeta lake. Mboni alibaki akiutazama uzio, chuma cha kawaida chenye kutu, rangi ya buluu imebanduka mahali watu wanaposhika. Wakati yeye alipokuwa anamngojea getini, mtu yule alikuwa anamngoja hapa.

Hakujua alikaa kwa muda gani. Alichosikia ni mtu akipanda ngazi kwa tabu, anahema, akienda kinyume na watu wa mwisho waliokuwa wanashuka. Alikuwa Mzee Dakika, kofia mkononi, macho yakitafuta benchi kwa benchi kama siku ile ya kiatu kimoja. Alipomwona alisimama kwanza, mkono kifuani. Kisha akaja akakaa kwenye mto wa Mama.

"Nimeona unachelewa," alisema.

"Samahani, Baba."

"Hapana. Kaa." Alitazama uwanja mtupu, majani yaliyochanika, wafagiaji wanaosukuma karatasi. "Kumbe kukiisha huwa hivi. Siku ile nilipokutafuta sikuona kitu." Alizungusha kofia mikononi mara kadhaa. "Mama yako aliniambia. Kuhusu yule kijana, na siku ile. Alikusubiri?"

"Alinisubiri."

"Wapi?"

Mboni alimwonyesha uzio kwa kidole. Mzee alipatazama pale, akaiweka kofia gotini.

"Mimi ndiye niliyekutoa," alisema. "Mimi na ile 'haya' yangu."

Mboni aliuchukua mkono wa baba yake, ule mzito wenye makovu ya nyaya, akauweka mwenyewe begani kwake.

"Wewe ulisema 'haya' tu, Baba," alimwambia. "Kusimama, nilisimama mwenyewe."